Ng'ombe wa Kubandika

Dada yangu alipoolewa Mutaho, mkoani Gitega, mama alilia mara moja tu, na hakulia kwa sababu binti anaondoka. Alilia kwa sababu ya vikapu.

Nieleze kidogo. Kwetu Burundi, harusi ikishapita, bi harusi hukaa ndani kwa wakwe zake siku kadhaa, hashiki jembe wala mtungi. Kisha watu wa kwao huja kumfunua, na siku hiyo kwa Kirundi tunaiita gutwikurura. Wanawake wa upande wa binti huingia uani kwa mstari, kila mmoja na kikapu kichwani, chenye mfuniko mrefu uliochongoka kama kilima kidogo. Ndani mna unga wa mtama, maharage, vitenge, vitu vya kuanzia nyumba. Wakwe husimama na kutazama. Hawatazami unga. Wanatazama kikapu.

Siku ya mazungumzo ya posa, shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, alituambia mapema ili tusije tukapotea.

"Huku kwetu, kikapu ya bi harusi inatoka mu mikono ya mama yake. Ile ya soko tunaijuaka, hata kwa harufu." Akamtazama mama. "Ao kule Tanzania hamusukake?"

Mama akacheka kwa adabu. Alikuwa ameingia Tanzania akiwa mgongoni kwa bibi, akakulia kambini, akatuzalia huko, na akarudi kwao Giteranyi, mkoani Muyinga, na watoto wakubwa na Kiswahili kilichonyooka ambacho watu wa sokoni walikiiga nyuma yake kwa kicheko. Kambini alijifunza mengi. Alijua kulima bustani yenye ukubwa wa mkeka, na kupanga foleni huku amelala nusu. Kusuka vikapu hakujifunza. Bibi alijua, lakini nyasi zake zilibaki kwenye mabonde ya huku, na bibi mwenyewe akabaki kule, chini ya udongo mwekundu wa Kigoma.

Basi alilia jioni hiyo, tukiwa tumerudi, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. "Wataniona mgeni mbele ya mwanangu," alisema. "Nimerudi nyumbani ili niwe mgeni."

Jumatatu ya wiki ya kufunuliwa, alfajiri, alitokea kwenye chumba nilichopanga mjini Muyinga. Alikuja na sufuria, kifurushi cha unga wa muhogo, pilipili kavu tano na uamuzi.

"Nitapeleka kile ambacho mikono yangu inakijua," alisema. "Shangazi alisema mikono. Hakusema nyasi."

Kile ambacho mikono ya mama ilikijua ni masanduku. Kambini watu walipasua makasha ya msaada wakatengeneza masanduku ya nguo, na mama akayavika picha. Alibandua lebo za makopo ya maziwa, akakata kurasa za kalenda za mwaka uliopita, akazipanga na kuzibandika kwa uji mzito wa muhogo aliouchemsha na pilipili ili mende wasiutamani. Karibu kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na sanduku lake. Mimi nililala utoto wangu wote kando ya sanduku lenye nyanya kumi na mbili na mwanamke wa tangazo la sabuni, ambaye kwa miaka mingi niliamini ni ndugu yetu wa mbali.

Kufikia mchana fundi wa jirani alishatutengenezea masanduku manne ya plaiwudi, matatu madogo na moja kubwa. Picha ndizo zilikuwa shida, maana siku hizi maziwa huja kwenye mifuko ya plastiki. Mama akatazama mezani kwangu, pale ilipokaa printa niliyoinunua kuukuu ili nichapishe riwaya ambayo hakuna mtu aliyeniomba niiandike.

"Hiyo mashine yako inatoa picha, au inatoa maneno tu?"

"Inatoa na picha, mama."

"Na umeiacha inatoa maneno siku zote hizi?"

Picha ya kwanza tuliyochapa ilikuwa ua la kahawa. Lilitoka jeupe, majani yake ya kijani yanang'aa, mama akalibusu. Kisha akalipaka uji wa muhogo, na mbele ya macho yetu ua likaanza kulia. Kijani kikatiririka, kikaingia kwenye weupe, na kufumba na kufumbua tukawa na kitu kama mchicha uliosahaulika jikoni. Tukajaribu la pili, taratibu, kwa ncha ya kidole. Nalo likalia. Mama akapiga ukelele kiasi kwamba jirani yangu alikuja mbio na chanuo mkononi.

Jirani huyo ni wa familia ya Waislamu wa zamani wa mjini. Ana saluni mlango wa pili, husuka nywele na kupamba maharusi kwa hina, na hana subira na vilio. Akaishika ile picha kwa vidole viwili.

"Mama, mbona hii si kitu? Wino huu haujafungwa. Ngoja."

Akarudi na kopo la spre ya nywele. Akaipanga picha iliyofuata juu ya gazeti, akaipulizia toka mbali, akaiacha ikauke, akaipulizia tena.

"Maharusi wangu wanalia, wanatoka jasho, wanakumbatiwa na shangazi kumi na tano, na nywele hazisogei," alisema. "Karatasi ndiyo itanishinda?"

Haikumshinda. Mama akapaka uji, ua likatulia. Chumba kikajaa harufu ya saluni na ya ugali, na sisi watatu tukacheka kama watu waliofufua mgonjwa.

Toka hapo kazi ikatembea. Siku tatu hizo nazikumbuka kama siku ndefu za jua, ingawa nadhani mvua ilinyesha. Mimi nilichapa kila umeme uliporuhusu, mama alikata. Alikuwa na mkasi mdogo wa kukatia kucha, na hakuuzungusha mkasi, aliizungusha karatasi, ili ukingo utoke laini kama umelambwa na ulimi. Alilowesha mgongo wa picha na kuukwangua kwa kidole mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Alipaka uji kwenye mbao, akalaza picha kuanzia katikati, akausukuma upepo nje kwa mgongo wa kijiko. Ikikauka, msasa laini. Kisha vanishi, tena msasa, tena vanishi, mpaka ukipitisha kiganja husikii picha inaanzia wapi.

Masanduku madogo tuliyapa maharage ya rangi zote, masuke ya mtama, na vilima vya Giteranyi nilivyovipiga picha kwa simu. Kubwa, lile ambalo mama angelibeba mwenyewe kichwani, lilitaka kitu cha heshima kwenye mfuniko. Na huko Mutaho, heshima ina kwato.

"Tafuta ng'ombe," mama aliniagiza. "Mwenye pembe. Usiniletee kibutu."

Nilimpata mtandaoni. Alisimama kwenye majani marefu yaliyomfika tumboni, rangi ya udongo uliolowa, pembe zimepanda pande mbili kama mtu anayeomba mvua. Shingo nene, kifua kipana, nundu nzuri begani. Mama alitazama simu yangu kwa muda mrefu.

"Huyo," alisema. "Huyo hata akinyamaza anasema."

Tulimchapa mkubwa, akajaza mfuniko mzima. Alhamisi akapata vanishi ya tatu. Ijumaa asubuhi tulimtoa uani akauke, safari ikiwa kesho yake alfajiri, na mama kwa mara ya kwanza wiki ile akanywa chai akiwa amekaa.

Ndipo akaja muuza maziwa. Alikuja kila asubuhi na baiskeli yake yenye madumu mawili, mwanamume wa makamo kutoka kijiji cha karibu, mtu wa ng'ombe tangu babu. Akaliona sanduku. Akainama. Akaegemeza baiskeli ukutani, polepole, kama mtu anayejua kwamba kicheko kinachokuja kitamwangusha.

"Mama, hii ngombe munapeleka wapi?"

"Kwa wakwe, Mutaho. Kesho tunamfunua binti yangu."

"Mana yanje, Mungu wangu!" Akashika kiuno. "Mama, iko dume hii!"

"Dume gani?"

"Dume! Angalia nundu. Angalia ile shingo, iko kama ya mbunge! Na hapa, chini ya tumbo, pale majani inaishia, haya manyoya ni ya nini? We dada, unasomaka vitabu yote ile, na hauoni?"

Nilitazama. Nilikuwa nimemchapa yule mnyama kwa mikono yangu, nikamsaidia mama kumlaza, nikampaka vanishi mara tatu. Kale kashada ka manyoya nilikuwa nimekaona kila siku na kukaita kivuli. Kambini hatukuwa na ng'ombe. Kuku tuliwajua, mbuzi tuliwajua, lakini ng'ombe tuliyekua naye mimi na mama ni yule wa kwenye kopo la maziwa, naye alikatwa mabegani.

"Kwani dume ni ubaya gani?" mama aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu halitamfaa.

Muuza maziwa akaacha kucheka, akamwonea huruma, na hiyo ikawa mbaya zaidi. "Mama, sisi tunasalimiaka mtu namna gani? Amashyo. Donc, uwe na ngombe mingi. Na ye anajibu nini? Amashyo ngore. Za kike, mama! Za kike! Unapeleka binti, unamuombea maziwa na watoto, alors unamuombea kwa dume? Kule Gitega banajua ngombe kushinda majirani yao. Batawacheka mpaka Krismasi."

Alituachia lita mbili na kwenda zake, tukamsikia bado anacheka kwenye kona ya msikiti.

Mama aliketi chini kabisa, kwenye udongo. Hakulia. Alisema tu, "Shangazi yule ataona. Ataona kabla sijalitua kichwani."

Nilitaka kumbandua. Vanishi ilikuwa imekuwa kioo, na kisu kingeondoka na mbao. Nilitaka kumfunika wote kwa picha mpya, lakini printa ilikuwa imeanza kulalamika kuhusu wino wa njano, na mnyama mzima mwingine tusingempata. Jirani wa saluni akaja, akasikiliza, akamzunguka yule dume mara mbili, mkono kiunoni.

"Mimi wananiletea bi harusi mwenye kovu usoni," alisema. "Simpeleki hospitali. Namuwekea ua hapo."

Mama akainua kichwa.

Tukaanza kumpamba dume. Chini ya tumbo, palepale pa aibu, mama akaamua aje ndama, anyonye, kichwa chake kifunike kila kitu. Juu ya nundu tukamketisha yangeyange, yule ndege mweupe anayefuatana na ng'ombe malishoni, mabawa nusu wazi ili nundu yote ipotee. Shingo tukaizungushia shada la maua ya kahawa yaliyobaki. Yangeyange alitoka vizuri, maana ni mweupe. Ndama alitoka wa mwisho, na wino wa njano ukamkimbia njiani, kwa hiyo badala ya kahawia akawa na rangi ya zambarau changa, kama mtoto aliyeoga maji baridi.

"Atakauka," mama alisema kwa imani.

Hakukauka kuwa kahawia. Lakini jioni ile, kwa mbali, ukikunja macho kidogo, ulimwona mama ng'ombe aliyevaa maua, ndege mgongoni, mwanawe mgonjwa kidogo ananyonya. Mama akawapitishia msasa na vanishi, na jirani akasema amepamba wabaya zaidi.

Tulifika Mutaho Jumamosi kabla ya adhuhuri, wanawake wanne, mimi, mama na shangazi zangu wawili, kwa gari dogo tulilokodi. Baba alitangulia na wanaume na hotuba yake. Kabla ya kuingia uani tulivaa imvutano zetu, vazi la sherehe linalofungwa begani, tukajitwisha masanduku. Mama alikuwa mbele. 

Uani palijaa watu. Tulipoingia, vigelegele vilianza, kisha vikapungua, vikawa kimoja kimoja, vikaisha. Walikuwa wanasubiri vilima vinne vilivyochongoka, na vichwani mwetu kulikuwa na pembe nne-nne zinazong'aa juani. Mtoto mmoja akasema kwa Kirundi, kwa sauti ya wote kusikia, kwamba tumeleta redio.

Shangazi wa bwana harusi akajitokeza. Kwa desturi yeye ndiye anayempokea mama wa binti. Akalishusha sanduku kichwani kwa mama, akalishika kifuani, akapitisha kiganja kwenye mfuniko, mara moja kwenda, mara moja kurudi. Nilijua kiganja chake hakisikii ukingo wowote. Akanusa.

"Haina harufu ya soko," alisema.

"Nimetengeneza mwenyewe," mama alijibu. "Kusuka sijui. Hiki ndicho najua."

"Na hii kandama," shangazi akainamisha kichwa, "inagonjwa nini?"

Watu wa mbele wakasogea.  Shangazi aliendelea kutazama, jicho lake likapanda toka kwa ndama, polepole, likapita shingoni, likafika kwa ndege.

"Hii ndege inafanya nini hapa?"

"Amepumzika," nilisema mimi.

"Amepumzika. Amepumzika juu ya nini?" Akaweka kidole juu ya yangeyange, kama anayesikiliza mlango. Kisha akamtazama mama usoni, akashusha sauti mpaka tukabaki watatu wa kusikia. "Mama. Hii iko dume."

Ningeweza kusema lolote. Kichwani nilishaandika maelezo matatu mazuri. Lakini mama alikuwa amechoka kubeba, na si sanduku peke yake.

"Ni dume," alisema. "Nimejua jana. Kule nilikokulia hatukuwa na ng'ombe, nilimwona ana pembe nzuri nikampenda. Vanishi ilikuwa imekauka. Nikamfunika kwa ndama na ndege ili usinicheke."

 Midomo ya shangazi ilianza kutetemeka pembeni, nikadhani ni hasira. Kisha kicheko kikapasuka, kicheko cha mtu mrefu, kilichotoka mbali chini, na alilikumbatia sanduku kwa mikono miwili ili lisianguke. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya imvutano yake. Mama akasimama mbele yake bila kujua aweke wapi mikono. Halafu shangazi akageukia ua mzima, akainua sanduku juu ya kichwa chake.

"Musikie! Watu ya Muyinga bametuletea dume! Na ndama! Na hata ndege ya kuchunga! Bamefanya na mikono yao, mi nimeshika, nimehakikisha." Akangoja kicheko kipite. "Mama ya hii kandama ndiyo haiko. Donc, ngombe ya kike, hiyo ni deni yetu sisi. Inyana, ile kandama ya kike ya kwanza kuzaliwa kwenye zizi langu, iko ya huyu binti. Na musiseme sikusema!"

Vigelegele vilirudi vyote kwa pamoja. Ndani ya nyumba nilisikia na cha dada yangu, ambaye alipaswa kukaa kimya na kufunikwa, na mtu akamwambia shh.

Masanduku matatu yalipelekwa ndani na dada akafunuliwa, akapewa maneno na maziwa, baba akatoa hotuba yake ndefu. Mama na shangazi niliwakosa katikati ya hotuba. Niliwakuta nyuma ya nyumba, kwenye zizi. Shangazi alikuwa bado na sanduku chini ya kwapa, alikataa mtu kumpokea. Mbele yao alisimama ng'ombe mwekundu, mpole, anatafuna, na mama alikuwa amemwekea kiganja ubavuni, kwa woga, kama unavyogusa sufuria kujua kama ina moto.

"Anapumua," mama aliniambia, kana kwamba ni habari.

"Anapumuaka kila siku, bamwana," shangazi alisema. Bamwana ni jina ambalo wazazi wa pande mbili za ndoa huitana, na mpaka saa ile alikuwa hajalitamka. "Sasa angalia huku. Dume haina hii. Unaona? Kiwele. Unasahau tena?"

"Sisahau." Mama akainama, akanyoosha mkono kuelekea chuchu. "Kwa hiyo hapa ndipo mnapokamua?"

Shangazi akampiga mkono, paa!

"Oya, oya! Huku kwetu wanawake hatukamuake. Hiyo kazi ya wanaume."

Mama akaurudisha mkono kifuani. Nilimwona akinywea, kwa dakika hiyo moja, mgeni tena. Kisha akajitazama, vazi la sherehe pindo limeshaingia kwenye samadi, akautazama ule mkono uliopigwa, akaanza kucheka kabla ya mwingine yeyote.

"Basi nifundishe yote leo," alisema. "Yote, bamwana, nimalize makosa siku moja."

"Yote hayaishi leo," shangazi alisema. Lakini alisogeza kigoda kwa mguu, akamkalisha mama, na akaanzia kwenye pembe.